Kabla ya Kupanda, Kisome Kisiki

Shamba la marehemu babu yetu liko nyuma ya Marafa, ukishaiacha barabara ya Malindi na kuanza kukanyaga mchanga mwekundu. Ni ekari sita. Miaka minne iliyopita tulipewa miche mia tatu na mradi mmoja uliokuja na gari, fulana na kamera. Mimi, mjomba na vijana wa pale nyumbani tulichimba mashimo kwa siku mbili. Ilikuwa Novemba. Machi ilipofika, joto la kaskazi likiwa bado limetukalia, nilizunguka shambani kuhesabu miche iliyo hai. Nilipata kumi na mmoja. Tisa ilikuwa mikilifi, mti ambao kwingine wanauita mwarobaini, na mkilifi huku kwetu hauhitaji mtu wa kuupanda.

Kwenye kona ya mashariki ya shamba hilohilo kuna kisiki cha mrihi, mti wa asili wa misitu yetu. Mchoma makaa aliukata mti ule babu akiwa hai, na sote tulijua umekwisha. Lakini mjomba alikuwa ametundika mzinga kwenye mkwaju ulio jirani. Ili mbuzi wasiwachokoze nyuki, na nyuki wasiwashambulie watoto wanaochunga, aliizungushia kona ile ua wa miiba. Hakuwa na nia ya kufufua msitu, alitaka asali. Ndani ya ua kisiki kikatoa machipukizi, machipukizi yakawa fito, na leo fito tatu zimelipita paa la nyumba yake. Chini yake pameota mikone, mkwakwa mmoja, na vichaka ambavyo majina yake anayajua mjomba peke yake. Hakuna aliyepanda hata kimoja.

Tangu hapo siwezi tena kuisikia hotuba ya kupanda miti bila kuifikiria ile kona. Ninachokiamini ni hiki: katika mashamba ya Magarini, Ganda, Gede na Dakatcha, huku kwetu Kilifi, msitu mwingi tunaoutafuta bado uko ardhini, katika mizizi, katika visiki na katika mbegu zinazodondoshwa na ndege. Tunalipia miche, ambayo ndiyo rahisi kununua na kupiga picha. Tunachokosa kukilipia ni ardhi kupumzika miaka mitatu au minne ikiwa na mtu wa kuilinda.

Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Ni nia njema na ninaiunga mkono. Novemba 13, 2023 tukapewa siku nzima ya mapumziko ili tupande. Kwa mtu wa nyanda za juu, Novemba ni mwezi wa maana. Kwa Malindi hesabu ni nyingine. Mvua yetu kubwa ni ya masika, inayoanza Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Vuli kwetu ni mvua ya kuazima. Inakuja, inalowesha, inaondoka, halafu Januari, Februari na Machi tunabaki na jua na upepo wa kaskazi. Mche uliotolewa kitaluni kwenye kifuko ukiwa umezoea kumwagiliwa kila jioni hauna mzizi wa kuivumilia miezi hiyo. Mwaka 2023 El Nino ilitusitiri kwa mvua nyingi, hata mafuriko, lakini huwezi kupanga kazi ya miaka kumi kwa kutegemea El Nino. Mwaka uliofuata, Mei 10, siku iliyotengwa kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko, watu waliombwa tena wapande miti. Siku ile, kwa bahati tu, ilituangukia katikati ya masika. Kalenda ya upandaji wa Pwani ingekuwa inatengenezwa Pwani, tusingehitaji bahati.

Kisha kuna suala la mti gani. Mkilifi una sifa zake na sitaki kuudhulumu. Kivuli chake ni kizito, majani yake ni dawa, na ukiukata unachipua upya bila kinyongo. Wazee wetu waliupokea kutoka Bara Hindi wakaufanya wao. Tatizo ni kwamba ndege na popo wanayapenda matunda yake, wanayameza na kuzitawanya mbegu kila wanapotua. Tembea pembezoni mwa misitu yetu uone mikilifi michanga iliyosimama kwa mamia chini ya miti ya zamani, ikisubiri mmoja wa wakubwa aanguke. Anapoanguka, nafasi yake haichukuliwi na mtoto wake. Mradi ulioniletea mikilifi ule mwaka uliandika kwenye ripoti yake kwamba umerudisha msitu. Ulichofanya ni kuongeza kasi ya mgeni ambaye tayari alikuwa anakimbia.

Mti wa mathenge ni kisa kikubwa zaidi cha namna hiyo. Mbegu zake zilipandwa Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1973 ili kuponya ardhi iliyochimbwa kwa ajili ya saruji, na baadaye mti huo ukapelekwa maeneo makavu ya nchi kama mkombozi wa ardhi isiyo na miti. Leo uko Baringo, Turkana na kando ya mto Tana, umefunga njia za mifugo na za maji. Wakazi wa Baringo walifikia kumpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani ili hakimu ajionee matunda matamu ya mti ule yanavyowaharibu wanyama. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari. Ulipandwa na watu waliokuwa na haraka ya kuona kijani, na haraka hiyohiyo naiona sasa katika namna tunavyoihesabu miche.

Msitu una mambo ambayo hesabu ya miti haiyaoni kabisa. Kuna ndege mdogo jamii ya mnana, rangi yake nyeusi na manjano, anayeitwa kwa Kiingereza kwa jina la Clarke. Wanasayansi walimwandika mwaka 1913. Hapatikani popote duniani isipokuwa ndani ya kaunti yetu ya Kilifi, katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika miti ya Dakatcha. Kwa miaka mia moja hakuna mtaalamu aliyejua anataga wapi. Waliotafuta walikuwa wanaangalia juu, kwenye mirihi, kwa sababu huko ndiko anakoonekana akila wadudu. Mwaka 2013, watu wa Dakatcha wenyewe wakiwa pamoja na wapenzi wa ndege kutoka Nairobi, walikiona kiota chake: kwenye ndago, katika dimbwi la msimu, mahali ambapo mtu asiyejua angepita na kusema ni uwanja mtupu wenye maji.

Hebu tulitafakari hilo. Ndege huyu anahitaji mirihi ya kumlisha na dimbwi la kumlea mtoto wake, na dimbwi lenyewe linajaa mvua zinaponyesha vizuri tu. Ukija na miche elfu kumi ukaipanda kwenye lile dimbwi kwa sababu ni mahali pa wazi na pana unyevu, umetimiza lengo la mpango wako na umemvunjia nyumba ndege asiye na nyumba nyingine ulimwenguni. Nimeyaona madimbwi kama hayo yakilimwa mpunga mwaka mmoja na kuwekewa alama za kupanda miti mwaka mwingine. Mwenye kulima mpunga ana njaa, namwelewa. Mwenye kuweka alama za miti alikuwa na ofisi na ramani.

Au mchukue sange, yule mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye kiuno chake kina rangi ya dhahabu. Ngome yake kuu ni Arabuko-Sokoke, na hata katika magofu ya Gede unaweza kumwona ukikaa kimya asubuhi. Sange anaishi kwa majani makavu. Anayachakura kwa pua kutafuta wadudu, na usiku analala ndani ya rundo la majani alilolikusanya mwenyewe chini, naye ana vitanda kadhaa vya namna hiyo ili adui asimzoee. Sisi tumelelewa kufagia. Uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, na mama yangu hawezi kumkaribisha mgeni kwenye majani. Sipingani naye kwa upande wa uwanja. Ninachosema ni kwamba tumeihamishia tabia ya uwanjani shambani: chini ya kila mti tunakusanya majani, tunayatia moto, tunasema tumesafisha. Ile kona ya mjomba haijafagiwa tangu mzinga uwekwe. Nilipiga magoti pale mwezi uliopita nikaifunua ile zulia ya majani kwa mkono. Juu yalikuwa makavu na yenye mlio. Katikati yalikuwa laini kama karatasi iliyoloa, yamefungwa pamoja na nyuzi nyeupe za kuvu. Chini kabisa hapakuwa na jani tena, palikuwa na udongo mweusi wenye kina cha kidole kimoja, juu ya mchanga mwekundu ambao ukitoka hatua kumi nje ya ua unaukuta uko uchi. Palikuwa na unyevu. Huo ulikuwa mwezi wa pili bila tone la mvua.

Anayetaka kujua mchanga ule ukiwa uchi unaishia wapi, aende Nyari, pale Marafa, ambapo watalii hulipa kuangalia ardhi ilivyobomoka na kuacha nguzo na makorongo ya rangi ya chungwa. Pale ni kazi ya asili ya muda mrefu sana na sitamlaumu mkulima kwa hilo. Ila udongo ni uleule, na mvua ni ileile. Pia aende ufukweni Malindi wakati wa mvua, aone bahari ilivyogeuka chai ya maziwa. Matope mengi ya mto Sabaki yanatoka mbali, bara, kupitia Athi na Galana. Hayo hatuwezi kuyazuia sisi. Yale yanayotoka Magarini tunaweza.

Historia ya Magarini yenyewe inatufunza kwa nini visiki ni vingi. Kuanzia miaka ya 1970, mradi mkubwa wa makazi uliofadhiliwa na Australia ulifyeka vichaka na miti ili kupisha mashamba ya familia. Wataalamu waliamini kwamba kilichosimama pale ni pori lisilo na faida. Mvua hazikuafikiana na mipango, udongo ukachoka upesi, na mradi ukafungwa bila kufikia ulichoahidi. Baadaye yakaja makaa, yakaja mananasi, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 ukaja mpango wa kulima mbono katika maelfu ya hekta za Dakatcha kwa ajili ya mafuta ya magari, ambao wananchi na watetezi wa mazingira waliupinga mpaka ukasimama. Kila awamu iliiona ardhi ile kuwa tupu. Nina wasiwasi kwamba kampeni ya miche inaweza kuwa awamu nyingine ya imani ileile, ikiwa na nia njema zaidi.

Kazi ya kisiki ni rahisi kuieleza. Unatembea shambani wakati wa kiangazi, kabla ya masika, ukiwa na mtu mzima anayejua miti. Mrihi unajitangaza wenyewe: majani yake mapya hutoka mekundu kama shaba kabla mvua haijafika, na hata kisiki cha kimo cha goti kinafanya hivyo. Kila kisiki kilicho hai unakifunga kitambaa. Machipukizi yanaweza kuwa ishirini; unachagua matatu au manne yaliyonyooka na yenye afya, mengine unayakata kwa panga kali, unayatumia kuni. Mwaka unaofuata unarudia. Mizizi tayari iko chini, ina umri wa mti mzima, ndiyo maana chipukizi la kisiki linaupita mche wa kitaluni kwa mbali bila kumwagiliwa. Kati ya visiki unaweza kuendelea kulima muhogo au kunde. Unaloliacha ni moto wa kusafishia shamba, na unalolizuia ni mbuzi.

Hapo kwenye mbuzi ndipo maneno ya makala yanapokutana na maisha. Jirani yetu, mama wa makamo aliyefiwa na mume, ana mbuzi tisa. Nilimwendea kumwomba asiwafungulie upande wetu. Aliniweka kwenye kigoda, akanipa maji, akaniambia, "Mwanangu, nimekusikia. Sasa nikiwafunga, karo ya mtoto itatoka wapi? Wewe unarudi Malindi, mimi niko hapa." Nilinyamaza. Alikuwa sahihi, na sikuwa na jibu mfukoni. Tulichofanya baadaye mjomba ndiye aliyekibuni: matawi tunayopunguza kwenye visiki anachukua yeye, anawalishia mbuzi wakiwa wamefungwa, na asali ikivunwa anapata fungu lake. Si mpango mkubwa. Unasimama kwa sababu wanaheshimiana.

Sasa fikiria kama fedha zilizonunua ile miche mia tatu, usafiri wa gari na zile fulana zingelipwa kwa mama huyu na mjomba, nusu mwanzoni, nusu baada ya kaskazi ya tatu, kwa kila kisiki kilicho hai na kila mche wa mti wa asili uliozidi magoti. Afisa wa kata angekuja na daftari kuhesabu mara moja kwa mwaka, Machi, mwezi mgumu, wala asije Novemba. Fedha ingebaki kijijini. Na mchoma makaa, ambaye mara nyingi ni kijana wetu wenyewe na si mtu wa kutoka mbali, angekuwa na kazi ya kulinda badala ya kukata. Nasema hivi nikijua kwamba gunia la makaa linalipa leo jioni, na mti unalipa kesho kutwa. Pengo hilo ndilo fedha ya umma inapaswa kuliziba.

Tuna mfano ambao umefanya kazi kwa miaka mingi. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umekuwa ukinunua pupa wa vipepeo kutoka kwa wakulima wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke, na kuwauza kwenye maonyesho ya ng'ambo. Kiwavi ni mlaji mwenye msimamo: kila aina ina mmea wake wa asili, na ukimpa mwingine anakufa njaa juu ya majani. Kwa hiyo mkulima wa vipepeo anajikuta anapanda nyumbani kwake mimea ya msituni ambayo jirani yake anaiita magugu, na anaulinda msitu kwa sababu ndiko anakowatoa vipepeo wa kuzalisha. Hakuna hotuba iliyomfikisha hapo. Msitu wenyewe una kilomita za mraba 420 hivi, bonge kubwa kuliko yote lililobaki la msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki, na umebaki umezungukwa na watu wengi wenye mahitaji mengi. Nyumba zenye pupa ni chache ukilinganisha na nyumba zote, lakini zinaonyesha njia.

Jambo gumu kuliko mbuzi ni hati. Pwani yetu imebeba tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 mzigo wa watu kuishi vizazi juu ya ardhi inayoandikwa kwa jina la mwingine. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwa hapo atapanda mahindi, hatalea mrihi. Na hata mwenye shamba lake hana hakika mti wa asili una faida gani kwake. Mwaka 2022 mibuyu mikubwa iling'olewa kwenye mashamba ya Kilifi ili isafirishwe mpaka Georgia, na kelele zikapigwa nchi nzima hadi Rais akaagiza uchunguzi. Wengi waliwalaumu wenye mashamba kwa kuuza. Mimi niliwaza kwamba mnunuzi yule alikuwa mtu wa kwanza kuwalipa kwa mti ambao wao na wazazi wao walikuwa wameutunza bure, kivuli kwa watoto, mabuyu kwa akina mama, maua ya usiku kwa popo. Aliwalipa kwa kuuondoa. Sisi hatujawahi kuwalipa kwa kuuacha.

Palipo na uhaba wa visiki, kwa mfano mashamba ya karibu na barabara yaliyolimwa kwa trekta miaka mingi, itabidi tupande kweli. Hapo mbegu ndiyo swali. Vitalu vingi vinauza mkilifi, mvinje na miti ya mapambo kwa sababu mbegu zake zinapatikana. Mbambakofi, muhuhu, mvule na mfune huwezi kuvikuta kirahisi. Mbambakofi ndio mbao ya milango ya Lamu, muhuhu umeliwa na patasi za wachongaji, na miti mama iliyobaki mingi iko ndani ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Wazee wa kaya waliizuia mikono ya watu kwa njia ambayo hakuna sheria ya kisasa imeifikia: unaingia kwa njia moja, hukati kilicho hai, huchukui bila ruhusa. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya za Wamijikenda katika urithi wa dunia. Anayehitaji mbegu awaendee wazee hao kwa adabu, afuate utaratibu wao, na akikataliwa akubali. Mwingine atamkuta mbambakofi wake makaburini, kwenye mpaka wa shamba, au nyuma ya shule ya zamani.

Nilipewa mbegu nne za mbambakofi msimu uliopita, zilizookotwa chini ya mti wa mpakani. Kila moja ni nyeusi, inang'aa kama kifungo cha koti, na imekaa ndani ya kikombe chekundu ambacho hondohondo hukipenda. Nilizitoa vikombe, nikaziloweka, nikazipanda kwenye makopo. Tatu zimeota. Sitazitoa nje mpaka Mei.

Masika haya tunausogeza ua wa miiba hatua thelathini kuelekea kisimani. Ndani ya eneo hilo jipya mjomba amehesabu visiki kumi na saba vilivyo hai na kuvifunga vitambaa vya kanga ya zamani. Kumi na viwili ni mirihi, viwili mbambakofi, viwili mikwaju. Kimoja kimetoa majani madogo yenye nywele ambayo yeye mwenyewe hayakumbuki. Amemtumia salamu mzee mmoja wa upande wa Dakatcha aje autambue mti huo, na amewakataza vijana wasiuguse kwa panga mpaka mzee afike.